Mashua ya Faiba na Maneno Yake: Maelezo kwa Walimu wa Kandokando ya Ziwa

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Rumonge ana shida moja ambayo mwenzake wa Gitega au Ngozi hanayo: wanafunzi wake wanavijua vyombo vya majini kuliko yeye. Anapofika kwenye somo la vyombo vya usafiri, kitabu humpa jahazi, ngalawa, dau na mtepe, yaani vyombo vya Bahari ya Hindi, huku darasa limejaa watoto waliolala usiku wa jana wakisikia wavuvi wakitoka kwenda ziwani. Juu ya shida hiyo imeongezeka nyingine. Mbali na mitumbwi na mashua za mbao, katika klabu na hoteli za ufukoni huonekana mara mojamoja vyombo vyeupe, laini kama sahani, visivyo na msumari wala alama ya mahali ubao ulipokutana na ubao. Mwanafunzi akiuliza chombo kile kimeundwaje, mwalimu hana jibu, na pengine hana hata maneno ya kulijengea jibu.

Makala haya yamekusudiwa kumsaidia mwalimu huyo. Tutaeleza namna mashua ndogo ya tanga, ya faiba, ya kujiburudishia na kushindania, inavyosanifiwa na inavyotengenezwa. Mfano wetu mkuu utatoka mbali, Kanada, lakini tutakuwa tukirudi ziwani kila mara, kwa sababu maneno mengi tunayoyahitaji yatajaribiwa huko.

Tuanze na kinachojulikana. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake kinafikia mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Rumonge iko kwenye ukingo wake wa mashariki, kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura, nayo inajulikana zaidi kwa vitu viwili: mawese na samaki. Samaki wenyewe ni ndagala, ambao Kigoma wanaitwa dagaa, na mukeke, ambao Kigoma wanaitwa migebuka. Huvuliwa usiku kwa taa. Chombo kinachotumika sana ni katamarani, yaani mashua za mbao zilizounganishwa kwa miti, wavu ukiteremshwa katikati yake chini ya mwanga. Neno katamarani asili yake ni Kitamili, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Huko Ulaya katamarani ni chombo cha matajiri kupumzikia. Huku kwetu ni chombo cha kukesha.

Mwezi unapokuwa mpevu taa hupoteza nguvu ya kuwavuta samaki, wavuvi hupumzika, na mashua hupata nafasi ya kukaa mchangani zikatengenezwa. Mwalimu anayetaka kufundisha msamiati wa chombo cha mbao aende ufukoni siku hizo pamoja na darasa lake. Atawaonyesha mkuku, ule mti mrefu wa chini ambao ndio uti wa mgongo wa chombo. Atawaonyesha hanamu, mti unaoinuka mbele kupasua maji, na mataruma, yaani mbavu, pamoja na mbao zilizopigiliwa juu yake. Akibahatika atamkuta fundi akikalafati, akishindilia nyuzi katika nyufa zilizo kati ya ubao na ubao ili maji yasipenye. Maneno haya ni ya pwani. Fundi wa Rumonge huenda akavitaja vitu hivyo kwa Kirundi au kwa Kifaransa, lakini vitu ni vilevile, na kuhesabu kila kimoja kina majina mangapi ufukoni ni zoezi zuri kuliko mengi yaliyomo vitabuni.

Jambo la kushika ni hili: katika chombo cha mbao, ngozi ni vipande vingi, na kinachovishikilia vipande hivyo ni mifupa. Faiba inaupindua mpango huo. Mashua ndogo ya faiba karibu haina mifupa kabisa. Ngozi yake ni kipande kimoja, na mviringo wa ngozi hiyo ndio nguvu yake, kama kibuyu ambacho hakina mbavu hata moja na bado hubeba maji.

Faiba ni nini hasa?

Faiba ni vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja. Cha kwanza ni nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, ambazo huuzwa zikiwa zimefumwa kama kitambaa au zimekatwakatwa na kushikamanishwa kama mkeka. Nyuzi hizi ukizivuta hukatika kwa shida sana, lakini ukizisukuma hujikunja tu kama uzi wowote. Cha pili ni rezini, kimiminika kizito kama asali, ambacho kikitiwa dawa yake hugeuka kuwa kitu kigumu. Rezini peke yake ni ngumu lakini huvunjika kama kigae. Nyuzi zikilowa ndani ya rezini na rezini ikaganda, kila kimoja hufidia udhaifu wa mwenzake. Waliochanganya nyasi katika udongo wa kukandikia ukuta walikuwa wanaijua siri hiyo zamani.

Neno "kuganda" linahitaji uangalifu hapa. Mawese huganda asubuhi ya baridi na kuyeyuka jua likipanda, na yanaweza kufanya hivyo kila siku. Rezini haigandi namna hiyo. Huganda kama yai katika maji yanayochemka: molekuli zake hufungamana, na hakuna joto litakaloweza kuzifungua tena zikawa kimiminika. Ukizidisha moto itaungua, haitayeyuka. Mwanafunzi akishaielewa tofauti ya mawese na yai atakuwa ameelewa nusu ya kemia ya plastiki, na tutaihitaji tofauti hiyo tutakapofika kwenye suala la taka.

Nyuzi za kioo zilianza kutengenezwa kwa wingi viwandani Marekani katika miaka ya 1930. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia watengenezaji wa mashua walizichukua, mara nyingi wakiiga kwa faiba umbo lililokuwa limebuniwa kwa mbao. Mfano ulio wazi ni Optimist, kimashua cha watoto chenye urefu wa mita 2.3, alichokibuni Clark Mills huko Florida mwaka 1947. Kilibuniwa kwa plaiwudi, na kwa kuwa karatasi ya plaiwudi haikubali kupindwa pande mbili kwa pamoja, kikawa na umbo la sanduku. Leo Optimist nyingi ni za faiba, nyenzo inayokubali pindo lolote, na bado zina umbo la sanduku, kwa sababu kanuni za mashindano zinataka zote zifanane. Hata lugha ina mambo ya namna hiyo: tahajia ambayo sababu yake ilishaondoka, yenyewe ikabaki.

Mchoro uliofanywa kwenye simu

Mashua ambayo historia ya kusanifiwa kwake inajulikana vizuri ni Laser. Mwaka 1969 Ian Bruce, msanifu wa vifaa aliyekuwa akifanya kazi Montreal, alimpigia simu Bruce Kirby, mwandishi wa habari na msanifu wa mashua mzaliwa wa Ottawa. Palikuwa na mpango wa kuuza vifaa vya kupigia kambi, na katika vifaa hivyo ilitakiwa mashua ndogo inayoweza kubebwa juu ya paa la gari. Kirby alianza kuchora wakiwa bado wanazungumza. Mpango wa vifaa vya kambi haukuendelea, lakini mchoro ulihifadhiwa. Mwaka 1970 mashua ya kwanza ilitengenezwa na kupelekwa kwenye mashindano ya mashua za bei nafuu huko Wisconsin, tanga lake likiwa limeshonwa na Hans Fogh, mzaliwa wa Denmark. Ilifanya vizuri. Hata hivyo wenyewe hawakuridhika. Walibadilisha tanga na mlingoti, wakajaribu tena, na mwanzoni mwa mwaka 1971 wakaionyesha New York. Jina la Laser lilipendekezwa na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha McGill. Tangu wakati huo zimetengenezwa zaidi ya 200,000, na tangu Atlanta mwaka 1996 mashua hii imo katika Michezo ya Olimpiki. Kuanzia mwaka 2019, baada ya mzozo kuhusu haki ya kulitumia jina la biashara, chama cha wanaoishindania wanaiita ILCA.

Mwili wa Laser una urefu wa mita 4.2, upana wa mita 1.4 hivi, na uzito wa kilo 59. Tanga lake lina eneo la mita za mraba 7.06. Tunazitaja takwimu hizi kwa sababu kusanifu mashua ni kuzipatanisha. Ukipanua mwili, mashua hutulia majini lakini huwa nzito kusukumwa. Ukiupunguza upana, huenda kasi lakini humtupa mtu majini kwa kosa dogo. Ukiongeza tanga unapata nguvu, na nguvu hiyo hiyo ndiyo inayokupindua. Kirby alichagua mwili mwepesi wenye sehemu ya nyuma iliyo bapa, ili upepo ukitosha mashua isiendelee kuyapasua maji bali ipande juu yake na kuteleza.

Tazama tena kilo 59. Mtu mzima anayeiendesha kwa kawaida ana uzito kuliko mashua yenyewe. Katika jahazi kuna farumi, mawe au mchanga unaopakiwa chini ili chombo kisilale. Katika Laser farumi ni mtu. Huketi upande wa joshini, upande upepo unakotoka, akiingiza miguu chini ya mkanda uliofungwa sakafuni, na upepo unapozidi huinamisha mwili wake nje ya mashua. Kwa mwanamaji mwepesi mwili wa mashua haubadilishwi. Hubadilishwa tanga pamoja na kipande cha chini cha mlingoti, kuna tanga la mita za mraba 5.76 na jingine la 4.7. Kwa hiyo mwili mmoja huwafaa kijana na mtu mzima. Kwa maoni yetu hilo ndilo jambo la busara zaidi katika usanifu mzima.

Kazi ya kiwandani

Mashua ya faiba haianzi na mkuku, huanza na mashua nyingine. Mafundi hutengeneza kwanza mfano, kwa mbao au nyenzo nyingine, wenye umbo kamili la nje. Mfano hupigwa msasa na kung'arishwa mpaka mtu ajione uso. Hupakwa nta, kisha hutandikwa faiba nene juu yake, na faiba hiyo ikishaganda na kubanduliwa ndiyo kalibu. Kuanzia hapo mfano hauhitajiki tena. Kila mashua itatoka ndani ya kalibu, na kila kosa la mfano litatoka pamoja nayo, kama kosa la chapa linavyojirudia katika nakala zote za kitabu.

Ndani ya kalibu kazi huenda kinyume na mazoea ya seremala, kwa kuwa rangi hutangulia. Kalibu hupakwa nta ili kitu kisinate, halafu hupuliziwa jelikoti, rezini yenye rangi, unene wa nusu milimita hivi. Huo ndio uso mweupe unaong'aa tutakaouona baadaye kwa nje. Jelikoti ikishika, hutandikwa mikeka ya nyuzi na kuloweshwa rezini kwa brashi na rola, tabaka baada ya tabaka. Rola ina kazi ya kutoa hewa, maana kila kiputo kinachobaki ni mahali pa kupasukia kesho. Mita moja ya mraba ya mkeka wa gramu 450 hunywa takriban kilo moja ya rezini. Fundi mchoyo wa rezini huacha nyuzi kavu. Fundi mkarimu huongeza uzito bila kuongeza nguvu. Kwa mashua ya mashindano, ambayo hupimwa kwenye mizani, ukarimu huo ni hasara.

Dawa ya kugandisha hutiwa kwa kipimo, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa rezini. Katika joto la mwambao wa Tanganyika fundi angelazimika kupunguza kipimo na kuchanganya kidogo kidogo, la sivyo ndoo itamgandia mkononi ikifuka moshi, kwa sababu kuganda kwenyewe huzalisha joto. Hapa kuna hatari zinazostahili kuelezwa waziwazi darasani. Mvuke wa rezini huumiza kichwa na mapafu. Kazi ifanywe mahali penye hewa na kwa barakoa ya mvuke, si kitambaa cha kufunga puani. Vumbi la faiba iliyokatwa huwasha ngozi na kuingia kifuani. Dawa yenyewe ni peroksidi, tone moja jichoni linaweza kupofusha, na ikichanganywa moja kwa moja na kichapuzi cha kobalti bila rezini kati yake inaweza kulipuka. Ukitaka kuwafundisha wanafunzi matumizi ya hali ya amri na ya katazo, maelekezo ya usalama wa karakana ya faiba yanatosha kwa wiki nzima.

Sitaha hutengenezwa katika kalibu yake, mara nyingi ikiwa na povu gumu kati ya tabaka mbili za faiba, ili iwe imara bila kuwa nzito. Kisha sitaha hubandikwa juu ya mwili kwa gundi, ukingo kwa ukingo. Hapo ndipo mahali pekee ambapo kipande kikubwa hukutana na kipande kikubwa. Hakuna cha kukalafati. Lakini faiba ni nzito kuliko maji, karibu mara moja na nusu, na tofauti na mbao, ikijaa maji huzama. Kwa hiyo ndani hufungiwa hewa au vipande vya povu, na kwa nyuma huwekwa tundu lenye kizibo la kutolea maji yaliyopenya. Mashua ikipinduka haipotei. Mwanamaji hupanda juu ya ubao wa kati, ule unaoteremshwa chini kupitia tundu la sitaha, akauvuta kwa uzito wake mpaka mlingoti ukainuka tena.

Mlingoti ni mabomba mawili yanayochomekwa moja katika jingine, na tanga lina mfuko wa kuuvika mlingoti kama soksi. Hakuna kamba za kuushikilia pembeni. Nyuma kuna usukani na kana yake, na mkononi kuna demani, kamba ya kulegezea na kukazia tanga. Kwa hayo tu mtu husafiri hata kuelekea kule upepo unakotoka, si kwa kuukabili uso kwa uso bali kwa kupiga bisha, kwenda mshazari upande huu kisha upande ule. Tanga lililotuna hufanya kazi kama bawa la ndege, huivuta mashua mbele na ubavuni. Ubao wa kati huuzuia ule mvuto wa ubavuni, na kinachobaki ni mwendo wa mbele.

Kwa kuwa tumetaja tanga, wanafunzi hupenda kusema kwamba Tanganyika ni "tanga" na "nyika". Richard Burton, aliyefika ziwani mwaka 1858, aliandika maelezo mengine, ya mahali maji yanapokutana. Mwalimu ayataje yote mawili na asiapie lolote.

Je, inafaa ziwani?

Upepo upo. Kati ya Mei na Septemba hivi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu kufuata urefu wa ziwa, na mawimbi yake yanaheshimiwa na kila mvuvi. Viboko na mamba wapo pia, na mtu anayejifunza kwa kupinduka anapaswa kuuliza wenyeji kabla ya kuchagua mahali. Kizuizi kikubwa zaidi ni fedha: rezini, nyuzi na alumini vyote huagizwa kutoka nje, na mashua ya kujiburudisha si hitaji la kwanza la mji wa wavuvi.

Hata hivyo ufundi wa kalibu haujui burudani wala uvuvi. Katika miaka ya 2020 Serikali ya Tanzania imekuwa ikiwakopesha wavuvi boti za faiba, na hoja ni ileile: mbao nzuri zinazidi kuwa adimu, na ngozi isiyo na nyufa haihitaji kukalafatiwa. Upande wa pili wa hoja haupaswi kufichwa. Mashua ya mbao ikitoboka, seremala yeyote wa ufukoni ataiziba jioni hiyo. Faiba ikitoboka lazima ikaushwe, ikwanguliwe kwa mshazari kuzunguka tundu, itandikwe upya, na vifaa vyake visipokuwepo mjini mvuvi hukaa bila kazi. Na ikichakaa haiozi wala haiyeyuki, kumbuka yai. Linganisha na Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoshuliwa Lamu mwaka 2018 chini ya usimamizi wa fundi Ali Skanda, likajengwa kwa plastiki iliyookotwa, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019 na kuzunguka Ziwa Viktoria mwaka 2021. Plastiki yake ni ya aina ya mawese: iliyeyushwa, ikafanywa mbao na mataruma, kisha fundi akaiunda kwa namna ya mababu zake. Maneno yote ya jahazi yalibaki na kazi.

Katika faiba hayabaki yote, na hapa tunarudi kwenye taaluma yetu. Chombo cha mbao huundwa. Je, chombo kinachotoka katika kalibu nacho huundwa, au hufyatuliwa kama tofali? Sisi tunaegemea kufyatua kwa kitendo cha kukitoa kalibuni, na kuunda kwa kazi nzima kuanzia mchoro hadi mlingoti. Kwa "faiba", "rezini" na "jelikoti" hatuoni haja ya kubuni maneno mapya. "Faiba" limeshakubaliwa na wavuvi, na wao ndio watumiaji. Ila pale pwani ilipokwisha kutupa neno, kama kalibu, kana, farumi, demani na kushua, mwalimu alitumie badala ya kuazima.

Bado yako mapengo. Ubao wa kati tumeueleza, hatujaupa jina. Mkanda wa kuingizia miguu vivyo hivyo, na mfuko wa tanga pia. Walimu walioko Rumonge, Nyanza-Lac, Baraka na Kigoma wanaombwa wawaulize wanamaji wa kwao, watuletee majina wanayoyatumia, wakionyesha kila neno limesikika wapi na kwa nani, mvuvi au fundi. Tutayachapisha katika toleo lijalo, hata yakigongana.